Kurasa za Mwisho za Kitabu cha Bi Mwalimu

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu mjini kumnunulia kitabu, na tangu tunatoka dukani nilijua kwamba safari ya kurudi itakuwa ndefu. Alikuwa keshakifungua. Alitembea huku anasoma, na mimi nimemshika bega, namvuta pembeni kila vespa ikipiga honi nyuma yetu. Kitabu chenyewe ni cha watoto wapelelezi: kuna kitu kimepotea, wakubwa wameshindwa kukipata, watoto wanatafuta. Tukaingia uchochoro huu, tukatokea ule, mara akajigonga goti kwenye baraza moja ya chokaa. Hakulia wala hakulalamika. Alikaa papo hapo juu ya baraza na kufunua ukurasa mwengine.

Nilitaka kumwambia ainuke twende zetu, kisha nikaitazama ile baraza. Baraza ile naijua. Najua mpaka lile bonde dogo la katikati, palipokaliwa na watu miaka na miaka hata chokaa ikaanza kuliwa.

"Mama," akaniuliza bila ya kuinua macho, "huku kwetu mambo kama haya hayatokei, eti?"

Nilicheka hata mtu aliyekuwa akipanga vinyago mlangoni mwa duka lake akageuka kunitazama.

"Hayatokei? Hebu sogea huko, nikae."

Na wewe unayesoma hapa, sogea pia. Nafasi ipo, na jua la alasiri halifiki upande huu.

Nilikuwa darasa la nne. Nyumba ya bibi yangu, nilikolelewa, ilitazamana na nyumba ya Bi Mwalimu, na uchochoro uliozitenga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba bibi akiishiwa chumvi alinyoosha mkono dirishani ghorofa ya juu, naye Bi Mwalimu akamtilia kwenye kibakuli kutoka dirisha la kwake. Bi Mwalimu alikuwa mjane, ameshastaafu usomeshaji zamani, lakini hakuacha kusomesha. Kila siku baada ya sala ya alasiri alitoka na mto wake wa sufi, akakaa kwenye baraza hii hii, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi wa kofia, akafungua kitabu na kuanza kusoma kwa sauti.

Mtaa ulihamia hapo. Wanawake walikuja na kazi zao: huyu na sinia la mchele wa kuchagua, yule na kofia anayoishona. Bibi yangu alikuja na jiko lake la makaa na karai, akikaanga bajia huku anasikiliza. Sisi watoto tulikaa chini kwenye mkeka, vidole vimelowa mafuta, tumekatazwa kabisa kugusa kitabu. Mpaka leo nikisikia harufu ya bajia za dengu na kahawa ya tangawizi, masikio yangu huanza kungoja hadithi.

Kitabu cha mwaka ule kilikuwa kimechakaa, jalada lake limeondoka, kwa hivyo hapana aliyejua jina lake wala nani kakiandika. Sisi tulikiita Kitabu cha Pete. Kulikuwa na arusi kubwa katika nyumba ya matajiri, na bi arusi alikuwa na pete ya yakuti aliyoachiwa na bibi yake. Siku ya arusi, wageni wamejaa, biriani iko motoni, pete ikatoweka. Aliyetafuta mwizi alikuwa mpelelezi mmoja mnene asiyeweza kuhoji mtu bila ya kwanza kula chochote. Watuhumiwa walikuwa watatu: mpishi wa biriani, shangazi wa bwana arusi, na mpiga fidla. Binamu yangu, ambaye tulikuwa tukikaa naye nyumba moja, alishaamua tangu mwanzo kwamba mwizi ni mpishi. Bibi alimshikilia shangazi. "Huyo mwanamke simpendi," alisema, kana kwamba shangazi mwenyewe anakaa mtaa wa pili.

Lakini Bi Mwalimu alikuwa na tabia moja ya kutuua. Alisoma kurasa chache tu kwa siku, na alifunga kitabu pale hasa ambapo mlango unafunguka au mtu anataka kusema jina. "Kesho inshallah," anasema, anavua miwani. Loh! Makelele yetu yalirusha kunguru juu ya mapaa.

Makelele hayo yalimuudhi mtu mmoja tu, naye ni Fundi Saa. Kiduka chake kilikuwa pale pale, mkono wa kushoto wa baraza, na dirisha lake lilifunguka juu ya vichwa vyetu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye lenzi ndogo nyeusi daima kwenye jicho moja, na kutwa nzima alifungulia redio yake mpaka ikasikika mwisho wa mtaa. Bi Mwalimu akianza kusoma tu, yeye huzima redio, anasonya, na kusukuma dirisha mpaka linakaribia kufunga. "Watu wazima!" tulimsikia. "Wanakaa kusikiliza upuuzi!" Tulimwogopa. Mpira ukiangukia mlangoni kwake tulipigana nani aende kuuchukua.

Na sasa nikwambie habari ya Mgeni. Alikuwa mjukuu wa dada yake bibi, kutoka kijiji cha Makunduchi, wa umri wangu. Mama yake alikuwa mkulima wa mwani, na alimleta mjini akae kwetu asome. Tulimwita Mgeni siku ya kwanza alipofika, na jina likamganda. Tulilala kitanda kimoja. Alijua kusuka ukili wa mikeka bila ya kutazama mikono yake, na alikuwa na pua ambayo sijaona mfano wake: alikuwa uani akasema wali wa nyumba ya tatu umeanza kushika chini, na ukenda kuuliza, kweli. Skuli watoto walimcheka kwa maneno ya Kikae, lahaja ya kwao, yanayomtoka, basi akawa hazungumzi sana mbele za watu. Ila kwenye Kitabu cha Pete alisahau aibu zake. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza maswali mazuri. "Bi Mwalimu, kwani nani aliyeiona pete mara ya mwisho?" Na Bi Mwalimu alimtazama juu ya miwani, akatabasamu.

Alhamisi moja Bi Mwalimu alifunga kitabu na kutangaza: "Kesho tunamaliza."

Sijui nikueleze vipi. Mtaa ulipata wazimu. Kisha akafanya jambo ambalo hakupata kumfanyia mtoto yeyote: akamkabidhi Mgeni kitabu akakiweke. Mahali pake palikuwa kidakani, kile kishimo cha ukutani kilichomo ndani ya mlango wake mkubwa. Mgeni alikibeba kwa mikono miwili mbele yetu sote, akakilaza kidakani, akarudi uso umemng'ara.

Ijumaa ile hata waliokuwa hawaji walikuja. Muuza kahawa alitua dele lake na vikombe vyake akakaa kabisa. Bibi alipika bajia za kutosha arusi, na mtu mwengine alileta mkate wa kumimina bado una moto, iliki inatunukia puani. Bi Mwalimu akavaa miwani. Nilimshika Mgeni mkono. Akafungua pale alipoishia, akasoma ukurasa mmoja: mpelelezi mnene amewakusanya watu wote ukumbini, amefuta mdomo kwa leso, amesema, "Aliyeichukua pete yumo humu ndani, na ni..."

Akafunua. Akarudisha nyuma, akafunua tena.

"Kurasa ziko wapi?" akasema taratibu.

Kitabu kilikwisha hapo. Baada ya ukurasa ule kulikuwa na mwanya tu, na uzi wa mshono unaning'inia.

Kwanza ulikuwa mshangao, halafu zikaja hasira, na hasira zinataka mtu. Sauti moja nyuma ikauliza nani wa mwisho kukishika kitabu. Macho yote yakahamia kwenye mkeka wetu. "Si yule mtoto wa shamba?" akasema mwanamke mwengine. "Labda kawashia jiko. Watakuwa hawajui kitabu kina kazi gani." Mgeni alifungua mdomo akaufunga. Bi Mwalimu akasema kwa ukali, "Hapana aliyemtuhumu mtu hapa," lakini neno limeshatoka, na bibi yangu alikuwa ameshainuka, uso umemsawijika kwa fedheha. Alimvuta Mgeni ndani. Nilimsikia kwenye ngazi.

"Umepewa amana mbele za watu. Kama hukuweza kuilinda, basi kambebeshe mama yako uzito huo, si mimi. Jumapili nakurejesha."

"Bibi, wallahi sikuchana."

"Jumapili."

Bibi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu, na maneno ya watu yalikuwa dirisha la pili. Mgeni alikaa juu ya kitanda chetu na kuanza kukunja nguo zake kwenye mkoba wa ukili. Sare ya skuli aliikunja mwisho kabisa, akaikunjua, akaikunja tena. Hapo ndipo nilipopandwa na moto ambao hata leo nikiukumbuka moyo unanienda mbio. Mpelelezi mnene alimtafuta mwizi wake kwa kuuliza watu na kula. Kuuliza tutauliza, na kula, nani angetushinda?

Jumamosi asubuhi, hatujamaliza hata kuosha vyombo, tukakutana uani watatu: mimi, Mgeni na binamu yangu. Binamu alikuwa tayari na jawabu. "Njugu," alisema. "Karatasi zote za mji huu huishia kwa muuza njugu." Kweli, njugu zilifungwa kwenye vipande vya karatasi vilivyosokotwa mfano wa pembe. Mtu kaziona kurasa, kazichana, kaziuza kwa kilo.

Tulikimbia mpaka sokoni Darajani. Tulipita katikati ya samaki na mafenesi na watu wa Jumamosi, Mgeni mbele yetu sote ingawa mji si wake. Muuza njugu alikuwa mzee mcheshi, akatutazama tunavyochungulia bidhaa yake karatasi kwa karatasi.

"Nyinyi mnanunua au mnakagua?"

"Tunatafuta hadithi, babu," nikamwambia. "Shikamoo."

"Marahaba. Hadithi nnazo tele humo ndani. Kuleni mzifikie."

Basi tukala. Kila iliyomalizika tuliikunjua kwa pupa: hesabu za kugawanya za mtoto fulani, zote kakosea, kipande cha gazeti chenye picha ya mpira, somo la jiografia. Binamu alipiga ukelele "Nimepata!" watu wakageuka, kumbe ni tangazo la sabuni. Tulirudi nyumbani matumbo yamejaa njugu, mikono mitupu, na mchana bibi alishangaa kwa nini hapana anayetaka wali.

Mgeni ndiye aliyesema tuanze upya, tuanze na kitabu chenyewe. Tukenda kwa Bi Mwalimu. Alitukaribisha vizuri, akatupa visheti, na alipomwona Mgeni alimshika kidevu. "Mimi sikukudhania hata mara moja," alimwambia. "Nimemwambia bibi yako. Hanisikii."

"Bi Mwalimu," nikamuuliza, kalamu sikioni kama mpelelezi hasa, "jana tangu asubuhi nani kaingia humu ndani?"

"Hakuna aliyeingia. Mlango umefungwa, mimi nimekaa jikoni. Ila Fundi tu, kuja kuitia saa ya ukutani ufunguo, kama kila Ijumaa."

Nikaitikia, nikapita. Unaona ilivyo? Mtu anayekuja kila wiki hahesabiki kuwa kaja.

Akatupa kitabu tukitazame. Tulikigeuza juu, tulikigeuza chini. Hakikuchanwa, gundi ilikuwa imekauka na kurasa zimeachia zenyewe. Na pale kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho uliobaki, palikuwa na alama ya mafuta, ndogo, ya duara.

"Bajia za bibi," alisema binamu kwa huzuni. "Basi ni sisi wenyewe."

Mgeni alichukua kitabu, akakileta puani, akafumba macho. Akanusa tena.

"Haya si mafuta ya kula. Haya ya cherehani."

Tulitazamana. Cherehani mtaani petu ilikuwa kwa mshonaji wa mabuibui, mwanamke mpole mno ambaye hakupata hata kuua mende. Tulikaa barazani nje tukafikiri mpaka vichwa vikauma. Jua lilianza kugeuka. Dirishani kwetu niliuona ule mkoba wa ukili umeshafungwa, umewekwa tayari.

Basi binamu, kwa ajili ya kutuchangamsha, au labda kwa kuwa hawezi kukaa kimya, akasema tuigize. Yeye akawa mpelelezi, akatia kanga ndani ya shati apate kitambi, mimi nikawa mpishi. Akanishika mkono nyuma. "Nyote mliomo humu ukumbini!" alinguruma. "Aliyeichukua pete si mwengine, ni huyu mpishi! Mfungeni! Mtupeni jela! Mwizi mkubwa, mwizi wa mapete!" Nami nikalia, nikaomba, watoto wengine wakaja, wote wakapiga makofi, "Mfungeni mpishi! Mfungeni mpishi!"

Dirisha juu ya vichwa vyetu likafunguka kwa kishindo.

"Hebu wacheni kumsingizia mpishi wa watu!" Fundi Saa alifoka, lenzi jichoni, bisibisi ndogo mkononi. "Mpishi hakuiba kitu! Na shangazi wala hakuiba kitu!"

Dirisha likafungwa. Watoto wakatawanyika mbio. Sisi watatu tulibaki kama tuliopigiliwa misumari.

Mgeni ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo sana: "Kajuaje?"

Hapo kila kitu kikaja kwa pamoja, kwa kasi, tunanyang'anyana maneno. Saa zinatiwa mafuta, mafuta membamba kama ya cherehani! Na Ijumaa asubuhi alikuwamo ndani! Na redio, jamani, redio! Anaizima kila siku tunapoanza, dirisha hulifunga kasoro upana wa mkono. Hakuwa anatukimbia. Alikuwa anasikiliza.

Sasa ilikuwa kazi nyengine. Utamwambiaje mtu mzima, mwenye mvi, kwamba yeye ndiye? Binamu alitaka twende tukamshtaki kwa Bi Mwalimu. Mimi nilitaka tumwite bibi. Mgeni alikuwa anatazama ule mlango wa duka, kisha akajifunga vizuri mtandio wake, akaenda. Tulimfuata nyuma.

Ndani palikuwa na saa kila mahali, kila moja inasema saa yake. Yeye aliinamia meza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mnataka nini?"

Nilingoja amwambie. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini Mgeni hakumtuhumu. Alisimama mikono nyuma akasema, "Nimekuja kuaga. Kesho bibi ananirudisha Makunduchi. Wanasema nimekichana kitabu cha Bi Mwalimu. Sikukichana, lakini wanasema."

Fundi Saa aliinua kichwa. Aliitoa lenzi jichoni, na ilikuwa mara ya kwanza nimeona macho yake yote mawili kwa pamoja. Yalikuwa macho ya kawaida tu, mekundu kidogo kwa kazi.

"Nani kasema ni wewe?"

"Watu wote."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mimi ndiye wa mwisho kukishika."

Alifungua mdomo akaufunga, vile vile alivyofanya Mgeni juu ya mkeka jana yake. Kisha akageukia ukuta. "Nendeni," alisema. "Nendeni nje."

Tulitoka tumevunjika. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Baada ya sala wanawake walikuja barazani kwa mazoea tu, maana kitabu cha kusomwa hakipo. Walikaa wakizungumza chini chini. Bibi alikuja bila ya jiko lake. Mgeni alikaa mwisho kabisa wa mkeka.

Basi mlango wa duka ukafunguka, Fundi Saa akatoka. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia kama anayekwenda kwenye nikaha, na mkononi ameshika bahasha ya kaki. Alikuja mpaka mbele ya baraza, akasimama pale pale ambapo sisi watoto hukaa, chini ya wote.

"Bi Mwalimu," alisema. "Kurasa zako ninazo mimi."

Hata kunguru walinyamaza, au mimi ndivyo ninavyokumbuka.

Alieleza yote akitazama miguu yake. Ijumaa alipokuja kutia saa ufunguo alikiona kitabu kidakani. Usiku wa kuamkia siku ile hakulala kwa kufikiri nani kaiba pete. Alitaka kuchungulia kidogo tu, ukurasa wa mwisho, basi. Gundi ikaachia, kurasa zikamjia mkononi, akasikia viatu vya Bi Mwalimu vinakuja, akazitia kwenye mfuko wa zana zake. Akadhani atazirudisha baadaye. "Nimesema miezi kwamba huu ni upuuzi," alisema. "Nikaona aibu. Sikujua kwamba aibu yangu kabebeshwa mtoto." Kisha akamgeukia Mgeni mbele ya mtaa mzima. "Nisamehe, mwanangu. Hukufanya kitu. Sikilizeni nyote: huyu mtoto hakufanya kitu."

Mgeni aliitikia kwa kichwa tu. Machozi yalikuwa yanamtoka na huku anacheka.

Bi Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akachukua wakati wake. Tulidhani atamkaripia. Badala yake akasogea pembeni barazani na kumnyooshea mto wake.

"Kaa hapo. Umezichukua mwenyewe, utazisoma mwenyewe."

Na alisoma! Sauti ile iliyokuwa ikitufokea miaka yote, kumbe ilikuwa nzuri, nzito, inajua pa kupumua. Alimfanya mpelelezi mnene awe na pumzi fupi, alimfanya shangazi awe na pua juu. Kumbe mwizi hakuwapo. Pete ilikuwa ndani ya kikuba cha asumini, kile kishada cha maua, kwenye kifua cha bi arusi mwenyewe, mbele ya macho ya wageni wote. Aliificha kwa kuwa alijua babu yake hatakubali nikaha ipite bila ya pete ile, na yeye bwana yule hakumtaka, na hapana hata mmoja aliyemuuliza.

Ghasia iliyozuka! Huyu anasema hana adabu, yule anasema angefanya nini sasa, muuza kahawa anataka tupige kura. Na katikati ya makelele ikapaa sauti ya bibi yangu, bibi yangu huyo huyo wa kuogopa maneno ya watu: "Afadhali yake!" Watu wakageuka kumtazama. Akatengeneza kanga yake kichwani, akasema tena, taratibu, kama anayezungumza na mtu wa zamani sana asiyekuwapo pale, "Afadhali yake kabisa."

Kuomba radhi kwa maneno hakukuwa kazi yake. Jioni ile alipanda ngazi, akaufungua ule mkoba wa ukili, akaitoa sare ya skuli na kuipiga pasi ya makaa. "Jumatatu msichelewe," alituambia, akatupa mgongo.

Tangu siku hiyo Fundi Saa alitoka na kigoda chake kila alasiri, na yeye na Bi Mwalimu walisoma kwa zamu na kugombana kuhusu yule bi arusi mpaka masika ikaingia. Mgeni alimaliza skuli kwetu na sasa yuko kwao Makunduchi, ana watoto wakubwa kuliko wangu, na nikimpigia simu hunusa kwa makusudi na kuniambia nimeunguza mchuzi. Mara nyengine anapatia.

Wakubwa wetu wote wameshatangulia mbele ya haki. Bi Mwalimu alifariki kwanza, kisha Fundi, kisha bibi. Nyumba zote mbili zimekuwa za wageni wa kupanga, madirisha yamezibwa kwa vioo na viyoyozi, na hapana tena wa kunyoosha mkono kumpa jirani chumvi. Sisemi kwamba watu wameacha hadithi. Watu wanazo, tena nyingi kuliko sisi, kila mmoja mkononi mwake, na akitaka kujua mwisho anaukimbilia mwenyewe, sasa hivi, hamngoji mtu.

Sisi tulingojana. Hicho ndicho ninachokikosa. Miezi ile nikipita uchochoroni na ndoo ya maji nilisikia kila dirisha linamuuliza mwenzake, "Wewe unamdhania nani?" na jibu linarudi kutoka juu, na kicheko, na "Thubutu!" Mtaa mzima ulikuwa haujui, na ulikuwa haujui kwa pamoja, na watu wazima wenye shughuli zao walikuwa wanakosa usingizi kwa ajili ya pete ambayo haijapata kuwapo duniani.